Kaburi Kwenye Kiwanja cha Kiwanda

Jumanne asubuhi Sajini Maeng Ok-ju alikuwa amepiga magoti kwenye mteremko wa Sollae, rula ya shule mkononi, akipima magugu. Nyuma yake walisimama wanaume wawili waliokuwa hawajasalimiana. Kila mmoja alimtazama yeye ili asilazimike kumtazama mwenzake.

"Sajini, babu yangu hakuwa mchicha," alisema mzee. "Unampima nini?"

Huyo alikuwa Mwalimu Cheon Byeong-tak, mkuu wa shule mstaafu, miaka sabini na mitatu, aliyetoka Seoul kwa treni ya alfajiri na tai shingoni. Ndiye mlalamikaji. Jumamosi iliyopita watu wa ushirika wa wakulima walipanda mlimani kufyeka kaburi la babu yake, kama walivyofanya kila mwaka kabla ya sikukuu ya mavuno, wakakuta kaburi halipo. Tuta limesawazishwa, magugu yamejiotea. Wakapiga picha, wakamtumia. Kufika Jumapili karatasi ya mashtaka ilikuwa mezani kwa Maeng, kituo cha polisi cha wilaya ya Mokdan, na jina la mshtakiwa lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili.

Mshtakiwa ndiye yule wa pili, Bong Gi-yeol, ofisa wa uwekezaji wa wilaya, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye koti lililoandikwa "Mokdan ya Kijani" mgongoni. Kwa miaka mitatu Bong alikuwa amebisha hodi kwenye kampuni kumi na saba. Wilaya haikuwa na bandari ya maana wala madini. Ilikuwa na jua, upepo, na marundo ya nyavu kuukuu za mwani zilizooza ufukweni hadi watalii wakahama. Wenzake walikuwa wakilia na hizo nyavu, yeye akasema hizo hizo ndizo zitakazotulisha. Akamwandikia kila anayeyeyusha plastiki nchi nzima. Kumi na sita walimkatalia kwa adabu, mmoja akakubali: kiwanda cha kugeuza nyavu kuwa uzi wa nguo, umeme wote wa jua, kazi mia na themanini. Mkataba ulikuwa wa kusainiwa Ijumaa, na kiwanja chenyewe ndicho hiki walichosimama.

Jana yake wanasheria wa kampuni walipiga simu. Hawakusema mengi. Hawasaini juu ya ardhi yenye kesi ya jinai, na wilaya ya jirani ina kiwanja tayari.

"Tarehe tatu Septemba kijiko cha kuchimbia cha wilaya kilipanda hapa," alisema Mwalimu Cheon. "Kweli au uongo?"

"Kweli, lakini kili..."

"Nani alisaini?"

"Mimi, Mwalimu, lakini kili..."

"Sajini, umesikia. Amekiri."

"Amekiri kusaini," alisema Maeng bila kuinuka. "Wewe Bong, malizia. Kilifanya nini?"

"Kiliishia kule chini. Hatua kumi kutoka hapa. Dereva alisema kuna msonobari, akaogopa kuuchubua." Bong alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekesha. "Sajini, mimi nina mama yangu hapa kijijini. Shule niliyosoma imebaki na watoto wanne. Wasipopatikana wengine kufikia Machi inafungwa. Nitavunjaje kaburi la mtu na kiwanda nimekitafuta mwenyewe kwa magoti?"

"Ndiyo maana hasa ungevunja," alisema mzee. "Kaburi likiandikishwa, lazima litangazwe gazetini miezi mitatu. Wewe huna miezi mitatu. Kijani, kijani, kumbe kijani chenyewe ni kuwafukia wazee wa watu!"

Maeng alisimama akapangusa magoti. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na sita, mpole wa sauti, na hakuwa na tabia ya kuharakishwa. Akashuka hadi alama za minyororo ya kijiko, akapima tena, akarudi.

"Mwalimu, ulifundisha sayansi?"

"Historia."

"Basi leo tufundishane. Kule chini, udongo uliofukuliwa tarehe tatu una magugu ya vidole vinne. Hapa lilipokuwa tuta, yananifika gotini. Magugu ya wiki sita, saba. Hapa palichimbwa mwanzoni mwa Agosti, mwezi mzima kabla ya kijiko."

Mzee alitazama chini, akatazama juu.

"La pili." Maeng alifunua magugu kwa ncha ya kiatu. "Ona ukingo huu. Majani ya tuta yamekatwa kwa jembe, vipande vya mraba, na vimeondoka. Mtu anayevunja kaburi ana haraka, hachukui majani yake kwenda nayo. Na la tatu, mniambie nyinyi. Mwanzoni mwa Agosti, jua lile, ni nani mwenye akili timamu anachimba mlimani?"

"Mwezi wa nyongeza," alisema Bong polepole.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka huo mwezi wa sita wa kalenda ya zamani ulikuja mara mbili, na huo wa pili ulianguka katikati ya joto. Wazee husema mwezi wa nyongeza miungu inayowachunga binadamu iko likizo, na mtu anaweza kuhamisha mifupa bila kuandamwa.

"Dereva wa kijiko hasubiri mwezi wa nyongeza," alisema Maeng. "Anayesubiri ni mtu anayeogopa kumsumbua marehemu. Mwalimu, ndugu zako je?"

"Ndugu zangu wote wako Seoul, na hakuna hata mmoja anayejua jembe lina sura gani."

"Na wewe ulifika hapa lini mara ya mwisho?"

Mzee alikohoa. "Magoti yangu, Sajini..."

"Lini?"

"Mwaka aliofariki kaka yangu. Miaka kumi na miwili. Lakini mwaka uliofuata nikaajiri ushirika. Kila mwaka nalipa, kila mwaka naletewa picha." Akatoa simu, akazipitisha zote kumi na moja kwa kidole: tuta safi, msonobari pembeni, bahari chini. Maeng aliuinulia macho ule mti wenyewe.

"Msonobari ndio huu?"

"Ndio. Yaani, wetu ulikuwa mkubwa kidogo. Nadhani macho yangu yamezeeka."

Bong aliondoka kwenda kuwabembeleza wanasheria. Maeng akampakia Mwalimu Cheon kwenye gari lake, wakateremka hadi ushirika wa wakulima, ambako Gam Yeong-sik, mkuu wa wafyekaji, alikuwa uani akinoa visu vya mashine. Shingo yake ilikuwa imeiva kwa jua.

"Sajini, sisi msitutie humo," alisema kabla hajaulizwa. "Makaburi mia mbili na arobaini kila mwaka, na hatujapoteza hata moja. Kaburi si kuku."

"Nani alikuonyesha hili la Sollae?"

"Hakunionyesha mtu. Mzee alinielekeza kwa simu. Upande wa juu wa msonobari mkubwa, linatazama bahari, lina jiwe dogo. Tukapanda, mti tukauona, tuta tukaliona, jiwe hakuna. Nikampigia. Akasema litakuwa limezama ardhini, fyekeni tu."

Ndani ya gari, dirisha likiwa wazi, Mwalimu Cheon alijikuta ana kazi kubwa ya kurekebisha tai.

"Lakini wale ni watu wa heshima, sikufichi," aliendelea Gam. "Watu wa mjini hawakumbuki kumpa mfyekaji hata maji. Hawa kila mwaka tunakuta wametuwekea chini ya mti. Kinywaji cha mchele, sikhye ya baridi, wali wake unaelea, barafu haijayeyuka. Viazi vitamu. Hata taulo safi za kujifuta jasho. Vijana wangu hugombania kwenda Sollae."

Maeng aligeuka. "Mwalimu?"

"Mimi?" alisema mzee. "Sijawahi kuagiza hata kikombe."

"Na Jumamosi hii, Gam? Mlikuta sikhye?"

Gam alifikiri. "Hapana. Sasa umenikumbusha. Vijana walilalamika."

Maeng aliandika hilo kwenye daftari, akalipigia mstari. Aliyekuwa akiwawekea sikhye alijua mwaka huu hakuna cha kufyeka. Alijua kabla ya wafyekaji wenyewe.

"Vyombo vyake mlikuwa mnavirudisha wapi?"

"Tunaviacha palepale. Ila mwaka jana mvua ilitukuta, tukaondoka na kimoja kwa kukimbia. Kiko garini mpaka leo, nakionea haya kila nikikiona." Akaleta ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Juu ya mfuniko palikuwa na nukta mbili nyekundu za rangi ya kucha.

"Gam, chukua mashine moja," alisema Maeng. "Tunarudi mlimani."

Hawakutafuta sana. Hatua arobaini mashariki mwa msonobari, nje kabisa ya vigingi vya kiwanja, palikuwa na kisiki kilichooza, kipana cha watu wawili kukikumbatia. Huo ndio uliokuwa msonobari mkubwa wa akina Cheon, ulioangushwa na kimbunga miaka mingi nyuma. Upande wa juu wa kisiki, kichaka cha miiba na mitambaazi kilikuwa kimefunga kiasi kwamba hata mbwa asingepita. Gam aliwasha mashine, akafyeka dakika kumi, akasimama ghafla. Jiwe dogo, chini ya goti, lilikuwa limeinamia upande. Jina la ukoo wa Cheon lilisomeka vizuri tu.

Mwalimu Cheon alivua tai akaitia mfukoni. Akasimama mbele ya tuta la babu yake lililoota mti wa mwitu katikati, na miaka yote ile ya picha safi ikamrudia usoni. Aliona aibu, na hakuificha.

"Kumi na moja," alisema. "Nilikuwa nikizionyesha kwa majirani. Mnaona, nawaambia, vijana wa leo wamesahau wazee wao, lakini sisi wa Cheon..." Akalitazama tena jiwe. "Basi lile nililokuwa nalilipia ni la nani?"

"Ndilo swali lililobaki," alisema Maeng. "Kesi yako imekufa, Mwalimu, lakini mtu amefukuliwa pale. Wanasheria watataka kujua ni nani, na kafukuliwa na nani. Nikishindwa kuwajibu, Ijumaa hakuna kalamu itakayoinuliwa."

Nyumba ya kijiji ya Sollae ilikuwa wazi, viatu vya mpira vimejaa mlangoni. Wanawake kumi na watatu, mdogo wao akiwa na miaka sitini na minane, walikuwa wamekaa sakafuni kuzunguka meza fupi wakila tambi za maziwa ya soya. Mwenyekiti wa kijiji, Pyo Sang-du, mwanamume pekee, alikuwa akikatakata matango kwa amri ya wanawake.

"Sajini, kaa ule kwanza," alisema mpishi wa zamu. "Polisi mwenye njaa hufunga watu ovyo. Na huyu mzee wa tai mfukoni naye ale, amekonda kwa Seoul."

"Tunamsubiri bwana kiwanda," alisema mwingine. "Wakija vijana mia na themanini, mimi nafungua duka la supu. Mwenzangu hapa anatafuta mume."

"Nitafute mume kwa meno haya? Natafuta mwenye meno yake!"

Walicheka. Maeng naye alicheka, akapokea bakuli, akala hadi tambi ya mwisho, kwani aliwajua wanawake wa aina ile: hawamwambii kitu mtu aliyekataa chakula chao. Ndipo akaiweka ile ndoo katikati ya meza.

"Nimeleta chombo cha watu. Ni cha nani?"

Kicheko kilikatika. Wanawake kumi na watatu wakaanza kutazama dari, matango, mlango.

"Ndoo kama hizo zimejaa sokoni," alisema mpishi.

"Zenye nukta mbili nyekundu?"

Maeng alinyanyuka akaenda kwenye kabati la vyombo. Kwa kuwa walikula pamoja kila siku, kila mwanamke wa Sollae alitia alama yake ili chombo kijue njia ya kurudi nyumbani: huyu uzi wa kijani kwenye mpini, huyu tone la bluu, huyu mkwaruzo wa msumari. Akapekua taratibu. Akarudi na mwiko na bakuli tatu, zote zina nukta mbili nyekundu, akazipanga kando ya ndoo.

"Mimi sina haraka," alisema. "Nitakaa hapa mpaka mwenye mwiko aje kuuchukua."

Mwenyekiti Pyo aliweka kisu chini. "Ni mimi."

"Wewe unapaka rangi ya kucha, Mwenyekiti?"

Mtu mmoja aliguna kwa kicheko akajiziba mdomo. Pyo alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Ni mimi niliyelifukua. Nilikitaka kiwanda, nikaona kaburi litatuchelewesha. Bong hajui kitu, mwachie. Niandike mimi."

"Kaburi la nani?"

"La babu yake Mwalimu hapa. Mwalimu, nisamehe."

"Babu yake nimetoka kumwona sasa hivi. Yupo palepale alipozikwa, hajasogea."

Pyo alikiokota kisu, akakiweka tena.

"Mifupa uliipeleka wapi? Na majani ya tuta, vile vipande vya mraba?" Maeng alingoja. "Kwa nini ulingoja mwezi wa nyongeza? Mwenyekiti, kudanganya polisi ni kosa, na wewe hata kudanganya kwenyewe hukuwezi."

"Mwache, mwanangu," ilisema sauti kutoka pembeni. "Huyo tangu utoto hajui uongo. Nimemfuta makamasi mimi, namjua. Mwiko ni wangu."

Aliyesema alikuwa kikongwe mfupi aliyekuwa akimenya vitunguu saumu kwenye kona tangu walipoingia. Alikuwa na miaka themanini na minne, kucha zake nyekundu zimefifia. Walimwita Bibi Baekgol, kwa jina la kijiji alichotoka alipoolewa, ng'ambo ya mlima.

"Bibi, tulikubaliana!" alisema Pyo.

"Tulikubaliana usiseme. Hatukukubaliana ufungwe." Akajiinua kwa kushika ukuta. "Njooni nyumbani. Haya si mambo ya kusemea kwenye vitunguu."

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na shamba dogo la ufuta, na mwisho wa shamba tuta la chini, jipya. Maeng alichuchumaa. Majani yalikuwa ya zamani lakini mishono ya miraba ilionekana bado. Yote yalikuwa mabichi. Mtu alikuwa akiyamwagilia kila siku.

"Ni baba yangu," alisema bibi. Alikaa chini kando ya tuta, miguu ameinyoosha. "Mwaka wa vita nilikuwa na miaka tisa. Walikuja na orodha, wakamchukua yeye na wengine sita, wakasema ni watu wa upande ule wa Kaskazini. Baba alikuwa mtu wa mwani, upande aliojua ni wa kupwa na wa kujaa. Mama alimfuata usiku, akamkuta bondeni amekufa, akambeba mgongoni kuvuka mlima. Akamzika upande huu, kwenye mlima wa tajiri, kwa sababu huko hakuna ambaye angemtafuta. Tuta bila jiwe. Akatuambia, jina la baba yenu lisitoke mdomoni mwenu mpaka mnakufa."

"Na mkanyamaza."

"Tungefanyaje? Kaka yangu alifaulu mtihani wa posta mara mbili. Mara mbili walimrudisha, kwa ajili ya jina la baba. Akaenda kufanya kazi melini, akafia huko. Mimi nikaletewa posa kutoka Sollae. Watu walidhani nimempenda yule bwana. Alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, lakini nilikubali kwa sababu ya mlima. Dirisha la jikoni kwake lilitazama mlima."

Pyo aligeukia ufuta akafuta macho kwa mkono wa shati. Mwalimu Cheon alikuwa amesimama wima kama mbele ya bendera.

"Kiwanda kilipotajwa mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono," aliendelea bibi. "Mjukuu wangu yuko mji wa Ansan, kiwandani, anafunga skrubu za watu. Hapa kukiwa na kazi atarudi na mtoto wake, shule ipate wa tano. Baba hakuwa mtu wa kuwazibia wenzake njia. Nikaenda ofisini kwa Bong, nikachukua fomu ya kuhamisha kaburi. Nikaitazama siku tatu. Mstari wa kwanza wanauliza jina la marehemu. Nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Mwezi wa nyongeza ulipoingia, Sang-du akanisaidia. Siku nne, asubuhi asubuhi. Mfupa mmoja mmoja, kwa kitambaa cha katani. Nilitaka aende kimya kama alivyokuja."

Maeng alifungua begi lake.

"Bibi, sikiliza. Mtoto kumhamisha baba yake si jinai. Kosa lako ni kutotoa taarifa. Fomu mbili na faini ndogo. Ukizijaza leo, nafunga jalada kesho, Bong anafutiwa mashtaka, na Ijumaa wanasaini." Akatoa fomu kwenye begi. "Lakini bila jina siwezi. Bila jina huyu ni mwili usiojulikana, na mwili usiojulikana ni kesi."

Bibi Baekgol aliitazama karatasi kwa muda. Hakuipokea.

"Nikuulize kwanza," alisema. "Wewe ni polisi, unaweza kujua. Kuna watu walikuwa wakija kila mwaka kumfyekea. Vijana, wana mashine. Mwaka wa kwanza nilijificha nyuma ya mti nikatetemeka. Kisha nikaona wanavyomsafisha, wanainama, wanampigia picha. Nikasema kumbe yupo anayemkumbuka. Pengine mtoto wa mmoja wa wale sita. Pengine mtoto wa mmoja wa waliompiga risasi, moyo umemsuta. Nikawa nawawekea cha kunywa, sikuthubutu kuuliza. Ni nani aliyewatuma? Nataka kumshukuru kabla sijafa."

Jibu lilikuwa kwenye daftari la Maeng. Alilifunga daftari. Alikuwa bado anatafuta maneno Mwalimu Cheon aliposogea mbele, akapiga magoti yake mabovu kwenye udongo.

"Ni mimi, mama."

"Wewe ni wa nani?"

"Cheon. Wa ule ukoo uliokuwa na mlima."

Bibi alimkazia macho. Hakuwa mjinga. Aliyatazama magoti, akaitazama tai inayoning'inia mfukoni, akautazama uso wa mtu aliyeumbuka.

"Ulikosea kaburi," alisema. "Siyo?"

Mwalimu Cheon aliinamisha kichwa. "Nilikosea, mama."

"Miaka kumi na moja?"

"Kumi na moja yote. Babu yangu mwenyewe ameota mti."

Kisha mabega ya bibi yakaanza kutikisika, na ikawachukua muda kujua kwamba anacheka. Alicheka hadi machozi, na machozi yalipoanza hayakujua tena ni ya nini. Akaunyoosha mkono, akaushika wa mzee.

"Haidhuru," alisema. "Haidhuru, mwanangu. Alifyekwa."

"Mwakani nitakuja mwenyewe," alisema Mwalimu Cheon. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba ruhusa. "Nitafyeka yote mawili. Lakini nisije nikakosea tena, mama. Niambie jina lake."

Maeng alishika kalamu juu ya mstari wa kwanza, asithubutu kuigusisha karatasi. Bibi Baekgol alilamba midomo. Alitazama nyumba za pembeni, madirisha yake wazi kwa joto, kisha akaweka kiganja juu ya tuta.

"Tak Man-seok," alisema.

Ilitoka kwa mnong'ono. Akajaribu tena, na safari hii ikatoka kwa sauti kavu, kubwa, ya mwanamke aliyezoea kuita watu shambani. "Baba yangu anaitwa Tak Man-seok!"

"Taratibu, bibi," alisema Pyo kwa mazoea, akigeuka kutazama ukuta. "Majirani watasikia."

"Wasikie," alisema bibi, akalitaja tena.